Kivuli cha Sinia

"Shusha," Awadhi alisema.

Sitara, mkewe, aliteremsha sinia taratibu pembeni ya kigoda alichokalia mumewe. Awadhi alikuwa kwenye mlango wa mbele, jua la alasiri likimchoma mgongo, mpini wa fagio ameushika katikati ya magoti kama usukani wa ndege. Ukumbi wa nyumba ya kupanga ulinyooka mbele yake, vyumba huku na huku, hadi mlango wa uani. Pale Mama Hyasinta, mpangaji mwenzao, alikuwa juu ya mbuzi yake akikuna nazi. Awadhi alitakiwa kumtazama Mama Hyasinta tu, na kuvuta mpini polepole kabla sinia halijagusa sakafu. Asilitazame sinia. Zaidi ya yote, asikitazame kivuli chake.

Sinia liligusa chini. Mpini ulikuwa bado haujavutwa.

"Umetazama chini," alisema Mama Hyasinta bila kuacha kukuna. "Mimi huku nimeonyeshwa utosi."

"Tena," Awadhi alisema.

Shomari, fundi cherehani wa chumba cha pili, alifika kutoka sokoni na fungu lake la mchicha, akasimama nyuma ya kigoda.

"Kapteni, uwanja umefungwa, au na sisi abiria tunapita?"

"Pita, kaka."

"Usije ukanishukia mgongoni." Alipita akicheka, kisha akageuka akamwona Awadhi usoni, na kicheko kikamwishia. Akaingia chumbani.

Kabla ya kuchaguliwa kwenda chuo cha urubani, Awadhi alikuwa dereva wa winchi bandarini. Akiwa juu kwenye kibanda chake, alikuwa akishusha makasha ya vioo gatini na hakuna kilicholia. Siri yake ilikuwa kivuli. Alikitazama kivuli cha mzigo kikiusogelea mzigo wenyewe, na vilipokutana ndipo alipolegeza waya. Kwa miaka yote ile macho yake hayakujua kushuka kwa namna nyingine.

Juzi, akiwa kwenye ndege ndogo ya mafunzo na mwalimu wake Marcelino, alifanya hivyohivyo. Ardhi ilipokaribia, macho, badala ya kubaki mwisho wa njia ya ndege, yalitoroka yakaenda kando, kwenye kivuli cha bawa kilichokuwa kikikimbia juu ya majani. Marcelino alisema, "Nyanyua pua." Akasema tena. Awadhi alingoja kivuli kifike. Kilipofika, magurudumu yalikuwa yamekwisha kuipiga lami. Ndege ikaruka juu kama mpira, naye kwa hofu akausukuma usukani mbele. Mara ya pili waliangukia gurudumu la mbele. Likavunjika, na pangaboi likachimba lami mpaka injini ikazima.

Marcelino alishuka na mdomo uliopasuka. Hakufoka. "Ulikuwa unatazama nini?" aliuliza, na Awadhi akamweleza. Kesho asubuhi Awadhi angeruka na mkuu wa chuo mwenyewe. Akiidundisha tena ndege, safari yake ya urubani imekwisha. Na winchi yake sasa ilikuwa na dereva mwingine.

"Shusha."

Walirudia, wakarudia tena. Mama Hyasinta aliinuka na bakuli la nazi. "Baba, mboga itaungua. Mungu akusaidie, maana mimi jicho langu limechoka." Sitara akaenda kukaa pale mlango wa uani badala yake, na sinia wakamwomba Shomari alishushe. Shomari alilishusha kwa makini kama kitambaa cha mteja.

Mpini ulivutwa. Sinia likagusa.

"Umeweza," Sitara alisema.

Shomari akapiga kofi moja. Awadhi alingoja Shomari aende kuosha mchicha wake, ndipo akamwambia mkewe, "Njoo hapa. Mbona umeniambia nimeweza?"

Sitara alichuchumaa karibu naye. "Umechoka, Awadhi. Tangu adhuhuri hujala."

"Nilikitazama?"

"Ulikitazama."

"Mara hiyo tu?"

Alivuta ncha ya kanga yake. "Kila mara. Hata ile uliyovuta mapema, ulichungulia kwanza ukavuta." Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Usiende kesho. Sema unaumwa. Safari ile umerudi mzima, mwenzio akarudi na mdomo wa kushonwa."

"Nikisema naumwa wataniita keshokutwa, na macho yatakuwa hayahaya."

"Basi uyafanyeje?"

Awadhi aliitazama mikono yake. Mikono haikuwa na kosa, ilikuwa ikisubiri tu kuamriwa. "Sijui," alisema, akauachia mpini. Sitara akaushika mpini ili usianguke.

Adhana ya magharibi ilianza. Jua liliondoka mlangoni, ukumbi ukaingia kiza. Awadhi alilinyanyua sinia mwenyewe, akalishusha. Halikuwa na kivuli tena. Akalishusha tena bila kulitazama hata kidogo, ila hapakuwa na maana.

"Bila kivuli cha kunivuta macho si kitu," alisema.

"Asubuhi jua litatokea uani," Sitara alisema. "Gari la chuo halifiki mapema. Tuhamishie kigoda kule, utazame huku barabarani. Mimi nitakaa hapa mlangoni, na sitakuambia uongo."

Awadhi alibeba kigoda mpaka mlango wa uani, akakigeuza kuelekea mtaani. Mpini akauegemeza ukutani. Sinia akaliacha sakafuni palepale, kisha akaenda kutawadha.