Mlango wa Mutunga

Mji wetu wa pwani wa miaka mia saba iliyopita uko mtaani Umoja, ndani ya kompyuta, orofa ya pili, juu ya duka la vipuri. Unavaa miwani mizito ya kompyuta inayofunika macho yote na papo hapo uko uchochoroni, kuta za mawe ya matumbawe kulia na kushoto. Kazi yangu ni kukagua kama kila kitu ni cha enzi hizo. Nina ubishi, najua. Gachanja, mwenye kampuni, alitaka mizinga. Nikamwambia enzi hizo ilikuwa haijafika pwani. Alitaka watu wapigane kwa panga kila baada ya dakika mbili. Nikampa mwanamke anayesokota pamba. Alininunia wiki nzima, kisha akakubali.

Kitu kimoja tu nilikifumbia macho: mlango wa nyumba kubwa.

Aliuchonga babangu, Mutunga, barazani kwetu, mtaa wa Jericho. Nakshi za pwani alijifunzia kwenye picha za kalenda, na pembeni, katikati ya maua, mkono wake uliozoea vinyago ukaweka twiga mdogo. Nilimcheka sana. Chini alitoboa kijilango ambacho lazima uiname ndipo upite. Mteja aliununua akaenda nao nisikojua, na baba akafa mwaka uleule. Zilibaki picha nilizoupiga kila upande, na ndizo tulizoujengea humu.

Nyumbani naishi peke yangu. Basi kila asubuhi, kabla wenzangu hawajafika, nilikuwa navaa miwani, nasimama mbele ya mlango na kumpa baba habari za jana. Kisha nainama, napita.

Milango ya nakshi kama zile ilikuja karne nyingi baadaye. Nilijua hilo tangu siku ya kwanza.

Siku moja kabla ya wanafunzi wa kwanza kuletwa na shule yao kuutembelea, Gachanja aliuzunguka mji wote, akavua miwani akitabasamu. Mlango ndio uliompendeza kuliko vyote, akasema tutauweka kwenye bango. Halafu akaniuliza, bila ubaya wowote:

"Mutheu, mizinga ulinikatalia. Hii mlango nayo ni ya hiyo time?"

Ningesema ndiyo, angeniamini. Lakini nilikumbuka wachongaji wenzake baba, waliopaka jakaranda rangi ya viatu wakaiuza kama mpingo. Yeye alimwambia mteja kabla hajaulizwa kwamba huu si mpingo, na mara nyingi mteja akahamia kwa jirani. Mama alimgombeza mpaka akachoka. Pale pale nilimkasirikia baba kwa kunilea hivyo.

"Si ya hiyo time," nikasema. "Ni ya babangu."

Gachanja akasema basi tuuache, hakuna atakayejua. Nilimjibu kwa ukali asioustahili. Nikaketi kwenye kompyuta, nikauondoa kwa mkono wangu, nikaweka mlango wa mbao tupu. Nililia, naye akajifanya anatafuta chaja. Nakala ya ule wa baba ninayo kwenye flashi, ila nyumbani sina miwani ya kuutazamia.

Wanafunzi wanaupenda mji. Mlango mpya wanaupita wima, mbio mbio, bila kuutazama. Mimi bado naingia asubuhi kabla ya wengine. Mlango uko wazi, mrefu kunizidi, na sina tena wa kumpa habari za jana. Lakini nikifika kizingitini, bado nainama.