Nyumba Iliyoegeshwa Vibaya

Jumatatu asubuhi Anastasie alikuwa anamenya viazi mlangoni pake wakati Hubert, mtoza faini za maegesho wa Kitshanga, alipopanda juu ya ndoo na kubandika karatasi ya faini juu ya mlango. Nyumba ilikuwa imesimama nusu barabarani, nusu mbele ya duka la Kaswera, mfanyabiashara wa chumvi na sabuni kutoka Butembo. Pikipiki zililazimika kuizunguka kwa kupitia matopeni.

Nyumba ilifika Ijumaa. Ilikuwa ya mbao na bati, kama nyumba nyingi za Masisi. Watu wa huko wakikimbia vita na wakipata nafasi, hung'oa mbao zao wakazibeba. Safari hii hakuna aliyepata nafasi. Risasi zilipoanza kijijini kwake, Nyamitaba, Anastasie alichukua watoto, sufuria na godoro. Alipogeuka kwenye kona aliiona nyumba inamfuata, imejiinua kutoka kwenye mawe ya msingi, inakwenda polepole kwa sababu ya utelezi. Aliwaingiza watoto ndani, maana mvua ilikuwa inakuja. Kwenye kizuizi wanajeshi waliwalipisha wao kama watembea kwa miguu, na nyumba wakailipisha kama ng'ombe.

"Papa Hubert," alisema Anastasie bila kuweka kisu chini, "hii iko nyumba. Nyumba haifanyi parking."

"Mama, mi mwenyewe niliiona ikifika. Kitu yenye inafika peke yake, hiyo njo gari."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi iko na taxe yake."

Kaswera alicheka mpaka akashika meza. "Dada, mi nauza chumvi hapa miaka yote, sina hata kinga, hata baiskeli ya zamani. We unafika juzi, tayari uko na camion, lori nzima!"

Anastasie hakucheka. Alisoma karatasi hadi chini. Faini yenyewe angeweza kuibembeleza, kama kila mtu. Kilichomkaa rohoni ni neno moja: gari. Kule Nyamitaba, kanali mmoja alikuwa ameshaingiza ng'ombe wake katika shamba la Anastasie, na kila mtu milimani alijua jinsi kesi za mashamba zinavyoamuliwa: shamba ni la yule mwenye nyumba juu yake. Ikiwa nyumba yake ni gari, basi hakuwahi kuwa na nyumba. Ikiwa hakuwahi kuwa na nyumba, shamba lilikuwa tupu tangu siku za babu ya mume wake, na kanali ameokota tu kitu kisicho na mwenyewe.

Alinawa mikono, akavaa kitenge cha misa, akaenda ofisini kupinga faini. Nyumba ilisogea kutaka kumfuata. Aliiambia ibaki na watoto.

Mkuu wa ofisi ya maegesho, Papa Polycarpe, alikuwa amekalia dawati la shule, kwa sababu kundi la wapiganaji lililoushika mji kabla yake liliondoka na meza. Alimsikiliza vizuri. Kisha akasema hawezi kukata kesi ya kitu asichokiona, akavaa kofia, wakarudi wote barabarani.

"Nionyeshe yenye inafanya ikuwe nyumba," alisema.

Anastasie alimwonyesha jikoni. "Shefu, kwetu nyumba njo mafiga. Mama-mukwe alinipa hii moto siku niliolewa, alitoa kwa mafiga yake, akaweka kwa yangu. Haijazimika mpaka leo. Vita imepita, mi nailinda. Hata njiani ilikuwa inawaka."

"Hata njiani?"

"Hata njiani."

"Nyumba inatembea, moto inawaka ndani?"

"Njo vile."

"Na moshi inatokea wapi?"

Anastasie, ambaye hakuzoea kudanganya, alionyesha. "Nyuma."

Polycarpe alimtazama Hubert. "Moto ndani, moshi nyuma, inatembea. Andika: moteri iko."

Hubert aliandika. Kaswera, aliyekuwa ameacha duka wazi ili asikose kitu, alimvuta Anastasie kwa kitenge. "Zimisha," alinong'ona. "Ikizimika, hawana kitu ya kusema tena. Zimisha hiyo moto, dada, uchunge shamba."

Anastasie alitazama mafiga. Viazi vilikuwa bado vigumu na watoto walikuwa wanavingoja. Kisha akachukua sufuria, akaumwagia moto maji yote, viazi vikabingirika kwenye majivu. Mvuke ulijaa jikoni. Nyumba ilishuka kidogo upande mmoja, kama mtu anayekaa, ikanyamaza.

"Sasa," alisema Anastasie, "moteri iko wapi?"

Polycarpe aliizunguka nyumba yote. Aligonga ukuta. Alikubali kwamba moto haupo.

"Basi iko en panne," alisema. "Gari yenye imeharibika katikati ya njia. Hiyo iko faini ingine, mama, na kabla ya jua kuzama iondoke, ao tunaipeleka kambini kwa basoda."

Kila mtu alijua wanajeshi wanapikia nini wanapopelekewa mbao.

"Na shamba yangu?"

"Gari haina shamba, mama. Kule Nyamitaba ulikuwa umefanya tu parking." Alifikiri kidogo. "Ya murefu sana. Hiyo nakusamehea."

Kaswera hakuwa na mzaha tena. Aliingia dukani, akatoka na kiberiti kipya, akakitoa bure, jambo ambalo halikuwa limewahi kuonekana Kitshanga. Anastasie aliwasha. Moto ulikuwa moto wa kawaida, ulichemsha viazi vilevile. Nyumba ilijiinua. Hubert alipigilia kibao cha nambari ya gari kwa misumari juu ya mlango, akasimama katikati ya barabara, akazuia pikipiki ili ipite kwenda upande wa kambi ya wakimbizi. Dereva mmoja alilalamika kwamba imekata kona bila kuonyesha ishara.

Jumamosi kanali alijenga choo cha mbao juu ya mawe ya msingi kule Nyamitaba. Ofisi ilituma mtu kukikagua. Alikaa mbele yake asubuhi nzima, na kwa kuwa hakikutembea, kiliandikwa kuwa nyumba.