Dakika Tisa za Ufunguo

Krr, krr, kisha kimya, kisha krr. Ndivyo nilivyoisikia kwa simu kompyuta ya marehemu mzee Ilias, kabla sijaambiwa lolote. Mimi nilikuwa chumbani kwangu, mtaa wa Mutanga Nord, Bujumbura. Binti yake Khadidja alikuwa kwao, mtaa wa Buterere, ameweka simu juu ya kasha la mashine hiyo. Barabara ya kwao ilikuwa imezama tangu Jumapili.

"Diski inakufa," nikamwambia.

Mzee Ilias aliandika humo kwa miaka ishirini na saba orodha ya makaburi: nani, safu gani, siku gani. Mafuriko yaling'oa vibao vyote. Keshokutwa, Ijumaa, wafu wangehamishiwa mlimani, na asiyejulikana angeingia shimo la pamoja. Rafiki yangu Massoudi, mdogo wake Khadidja, alizikwa katika makaburi hayo. Khadidja na mama yake Fatouma hawakulijua kaburi lake, maana kwao wanawake hawaendi kuzika, na baba aliyekwenda sasa naye amekufa.

Mashine ile imenizidi umri. Haina pa kuchomeka flashi, ina waya wa mtandao tu. Mzee aliniapisha kwamba orodha isipite wazi mtandaoni, kwa sababu wapo wanaouza viwanja vya wafu mara mbili. Nikamwekea programu ndogo inayofunga kila neno lisisomeke njiani, kabla ya kulituma kwenye kompyuta yangu. Lakini kwanza mashine mbili lazima zikokotoe ufunguo wa pamoja, yaani namba ndefu ya siri. Kompyuta mpya humaliza kabla hujapepesa jicho. Ile ya mzee huchukua dakika tisa, kioo kimeganda.

Mara ya kwanza Khadidja alingoja dakika nne, akadhani imekwama, akaizima. Mara ya pili tulifika dakika ya nane. Umeme ulikuwa umekatika, nao walikuwa wanatumia betri ya gari. Umeme ukarudi, na mama Fatouma akafanya kile ambacho kila nyumba ya Bujumbura hufanya umeme ukirudi: akakimbia kuchomoa kila kitu kisiungue. Akachomoa na waya wa betri.

Nilifoka. Nilisema maneno ambayo mtu hamwambii mama wa rafiki yake. Nikasikia simu ikichukuliwa.

"We Murhula," mama Fatouma akasema taratibu, "televizyo yangu ya kwanza iliungua mu dakika moja. Ya pili iliungua mi nasimama pale pale. Sasa kasirika, ukimaliza utuambie tubonyeze wapi."

Nilikuwa nimechoka hata hasira yenyewe ilinilemea. Nikaomba radhi, tukaanza tena.

Kwa dakika tisa hatukugusa kitu. Nilisikia wanawake wa jirani wakikohoa uani. Kila mmoja alikuwa na mtu wake katika orodha ile. Ufunguo ukakubali. Nikamwambia Khadidja aanzie mwisho, kwa kuwa Massoudi alizikwa mwaka juzi na diski isingefika huko.

"Apana," akasema kwa sauti ya chini. "Hawa wamama wanakaa hapa tangu asubuhi. Tuanze mwanzo, vile baba aliandika."

Nikabishana naye. Nikasikia kidole chake kikibonyeza.

Majina yakaanza kushuka kwenye kioo changu, moja moja. Niliyasoma, yeye akayarudia uani, na kila mara mtu fulani akasema alhamdulillahi. Baada ya saa mbili tukaingia mwaka wa Massoudi, kisha mwezi wake. Safu ya arobaini na moja, kaburi la tatu, tarehe sita. Massoudi alizikwa tarehe tisa.

Krr. Halafu kimya kisichokwisha.

Khadidja aliizima, akaiwasha. Haikuamka. Mama Fatouma akauliza kama majina yametoka yote. Khadidja akaichukua simu juu ya kasha.

"Khadidja, nisikilize," nikasema. "Kila safu ina makaburi kumi na mawili. Hapo yamebaki tisa. Kesho alfajiri nitavuka hayo maji kwa miguu. Nitawatafuta watu wa makaburi hayo, hata kama ni kugonga milango yote ya Buyenzi, mtaa wa Waislamu wenzenu, mpaka libaki moja lisilodaiwa na mtu. Massoudi hataingia shimo lile. Nakuahidi, wewe na mama."