Swafiya Anatufasiria Kijerumani

Ijumaa moja mchana, mwaka 2014, wasichana sita tulijazana katika chumba tulichopanga pamoja mtaa wa Karama kutazama filamu ya Kijerumani. Haikuwa na tafsiri, lakini Swafiya aliwahi kufanya kazi hoteli ya Wajerumani kule Diani, basi akawa anatufasiria. Katika filamu hiyo, mzururaji mmoja, aliyezoea kulala stesheni za treni, alibisha hodi kwa dada yake baada ya miaka kumi. Dada akafungua, akasema maneno machache. Badala ya kutufasiria, Swafiya akafuta machozi.

"Amesema nini?" Fortunate, Mganda wetu, akapiga kelele. "Sema basi!"

"Amesema, ingia, chakula kinapoa."

Tulirukaruka vitandani tukishangilia mpaka jirani akagonga ukuta. Fortunate akairudisha filamu nyuma, tukashangilia upya.