Uso Uliosuguliwa kwa Jivu

Usingizi wa mchana hauna adabu. Unamjia Bi Somoe akiwa bado ameshika kidani chake na kitambaa cha jivu anachokisugulia, wala haoni kope zikishuka, anaona tu ile sarafu ya fedha ya Uajemi iliyo kwenye kidani ikipanuka mkononi hadi kuwa mlango, basi anaingia. Barabara ya humo inazunguka, kila akidhani amefika anajikuta alipoanzia, kando yake nyota na hilali, na kuta zimejaa maandishi yaliyopinda ambayo hata marehemu mumewe, Famau sonara, hakuweza kuyasoma siku alipoitoboa sarafu hiyo amvishe shingoni. Huu ni mwaka wa saba Famau yuko kaburini, na Bi Somoe hataki jingine ila kumwona uso, maana umemtoka akilini. Kikohozi chake anakikumbuka, vidole anavikumbuka, uso hapana, na hilo linamuuma kuliko msiba wenyewe.

Katikati ya mji huo wa ndani ya sarafu moto unawaka juu ya madhabahu, na wale walinzi wawili waliochorwa kwenye sarafu wamesimama huku na huku, mabega mapana, nyuso laini kama mgongo wa kijiko. Hodi, anasema. Karibu, anajibu wa kulia. Namtafuta Famau. Aliyeandikwa hatafutwi, Bibi, husomwa. Mimi kusoma sijui, mwanangu, nionyeshe tu. Hapo mlinzi wa kushoto anakohoa, na Bi Somoe anashtuka, kwa kuwa kikohozi kile angekijua hata katikati ya soko. Famau! Nani kakufuta uso? Ni wewe, Somoe, anamjibu kwa upole, kila Ijumaa, kwa jivu na ndimu. Mimi nilikuwa nakung'arisha! Najua, mke wangu, ila mapenzi yako yananila. Bi Somoe anamlilia, anainua mkono amguse shavu, na mkono ule bado una kitambaa. Famau anarudi nyuma hatua moja. Niache niwe mweusi kama fedha isiyosuguliwa, anamwambia.

Anaamka, alasiri inaadhiniwa. Kwenye sarafu mlinzi wa kushoto hana pua wala macho, na Bi Somoe anakwenda uani kulimwaga jivu lote, ndimu anamtupia kuku. Ndipo ndani ya karakana ya Famau, iliyofungwa tangu azikwe, mtu anakohoa. Somoe, anaita. Bi Somoe anajipapasa uso kwanza kama bado una pua na macho, ajue yuko upande gani wa sarafu, kisha anaitika.