Babu Chuma na Wahakiki wa Sindawi

Nchi ya Sindawi ilikaa katika bonde lililozungukwa na mlima mmoja tu, mlima uliojikunja kama mkono wa mtu anayekinga sahani yake mwingine asije akachota, na juu ya mlima huo waliishi Walezi. Hawakupenda kuitwa watawala. Utawala, walisema, ni neno la watu wakali, na wao hawakuwa wakali. Walikuwa wazazi waliojaliwa watoto wengi mno, na watu wote wa bondeni, hata wenye mvi na wajukuu, waliitwa wana. Kila mavuno yalipofika, mahindi yalipanda mlimani kwanza ili Walezi wayaonje, wana wasije wakadhurika, na kwa kuwa Walezi waliwapenda wana wao kupita kiasi, waliyaonja kwa makini, gunia baada ya gunia, mpaka kilichoteremka bondeni kikawa pumba na magunzi. Wana walishukuru. Walishukuru kwa sauti kubwa njiani na sokoni, kisha wakaingia majumbani mwao na kufunga milango, na walichosema humo ndani hakuna Mlezi aliyekijua. Jambo hilo lilimkosesha raha Mlezi Mkuu Shengazi, mzee mnene mwenye sauti laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto alale, ambaye aliweza kustahimili kuchukiwa lakini hakuweza kustahimili kutojua anachukiwa nyumba gani.

Mwansiti Karamba alikuwa mhakiki wa filamu katika gazeti la *Sauti ya Mlima*, ambalo ndilo lilikuwa gazeti pekee. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye mwanya na macho yasiyoharakisha kuamini, na alikuwa na binti mmoja wa miaka tisa, Asumini. Kwa miaka mingi aliishi kwa kuandika yale yaliyoruhusiwa kwa namna ambayo msomaji mwerevu angeweza kuyasoma kinyume, na alijivunia ufundi huo kidogo, kama mtu anavyojivunia kutembea juu ya ukuta mwembamba bila kuanguka.

Asubuhi moja, akienda kazini, alikuta bango limetandazwa mbele ya ukumbi wa sinema, refu kuliko ukumbi wenyewe. Lilitangaza filamu mpya ya Wizara ya Malezi, *Familia ya Nyota ya Tisa*, hadithi ya sayansi ya kubuni kwa wazazi na watoto, itakayoonyeshwa kwa mara ya kwanza Jumamosi. Katikati palichorwa roboti mwenye tumbo la mviringo, ndevu za waya na masikio makubwa kama nyungo, na chini yake pameandikwa kwa herufi nyekundu: "Nilicheka, nikalia, nikamkumbatia mwanangu. Mwansiti Karamba, mhakiki."

Alisimama pale akalisoma mara tatu. Filamu hiyo hakuwa ameiona.

Mhariri wake, Bwana Fikirini, mtu mwembamba aliyezoea kusema huku akitazama dirisha, hakushangaa alipomwona anaingia bila kubisha.

"Bwana Fikirini, nimelia lini mimi?"

"Kaa kwanza, Bi Mwansiti."

"Nauliza nimelia lini. Na huyo mwanangu nimemkumbatia wapi?"

"Wizara walitaka maneno mapema, ya bango. Nikawapa. Mimi nakujua, ungeandika hivyohivyo."

"Na wenzangu wa redioni?"

"Nao wamelia." Fikirini alishusha sauti. "Wote wamelia, dada yangu. Kuna mmoja amelia kurasa mbili. Wewe nenda Jumamosi, utazame, uandike kitu kinachofanana na bango. Mwezi ujao tutakuwa tunazungumza mengine."

Mwansiti alitoka na shaka iliyomkaa kifuani kama tonge lisiloshuka. Walezi walikuwa wametengeneza filamu nyingi mbaya, na hawakuwahi kujali iwapo mtu alizipenda. Kwa nini hii ilikuwa lazima ipendwe, tena ipendwe kabla haijaonekana?

Jumamosi adhuhuri alimchukua Asumini wakaenda. Ukumbi ulijaa familia zilizopewa vikaragosi vya karatasi vya yule roboti, na kwenye kila safu, pembeni, alisimama dada mmoja aliyevaa aproni ya maua na kushika kidaftari. Mwansiti aliona upesi kwamba madada hao hawakutazama pazia la sinema. Walitazama nyuso za wazazi.

Filamu ilianza. Baba, mama na watoto wawili waliihama dunia iliyokauka wakapanda chombo cha anga kuelekea nyota ya tisa, na ndani ya chombo kila familia ilipewa roboti mmoja wa kukaa nao, aitwaye Babu Chuma. Babu Chuma alisimulia hadithi, alichekesha, alipoza homa kwa kiganja chake cha bati, na masikio yake yalizungukazunguka kila mtu aliponena. Hata Mwansiti alikiri moyoni kwamba aliyemtengeneza alijua kazi. Kisha, katikati ya safari, baba wa watoto alimnong'oneza mkewe kwamba nahodha anawapunja chakula abiria. Masikio ya Babu Chuma yakageuka. Kwa upendo, filamu ilisema, kwa upendo mtupu, Babu Chuma alimpelekea nahodha maneno yale, na baba akachukuliwa akatibiwe wasiwasi wake. Alirudi anatabasamu. Watoto ukumbini wakapiga makofi, na wazazi, baada ya kutupiana macho, wakapiga pia.

Sasa Mwansiti alielewa. Hawakuwa wameitwa kutazama hadithi. Walikuwa wanazoezwa kumkaribisha mgeni.

Lakini kulikuwa na kipande kimoja kifupi ambacho hakikulingana na vingine. Kabla baba hajarudishwa, binti mdogo alimkalia Babu Chuma pajani akamuuliza baba yuko wapi. Roboti akasema, "Mjukuu wangu, wewe sikunyimi jibu," akamweleza kila kitu: chumba cha nne, kitanda cha pili, amefungwa mikono, na nahodha ndiye aliyeamuru. Roboti hakunyamaza mpaka binti aliposema basi, akalia, halafu filamu ikaendelea kana kwamba hakikusemwa kitu. Mwansiti hakujua kama mtunzi alipitiwa na usingizi au alifanya makusudi. Jina la mtunzi lilipopita mwishoni, lilipita upesi mno, halikusomeka.

Njiani kurudi nyumbani Asumini alikunjakunja kikaragosi chake.

"Mama, kwa nini hukucheka?"

"Nani kasema sikucheka?"

"Yule dada mwenye kidaftari. Aliniuliza kama wewe ni mama yangu, na kama nyumbani pia huwa hucheki."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia unacheka sana, ila ukicheka unafunga mlango kwanza."

Mwansiti alimshika binti yake mkono kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Siku mbili alikaa mbele ya karatasi tupu. Akiikashifu filamu, makala yasingechapwa, naye angetibiwa wasiwasi wake. Akiisifu kama wenzake, atakuwa ameshika mlango huku Babu Chuma anaingizwa katika kila nyumba. Akikitaja kile kipande kifupi, huenda wakakikata, na mtunzi, kama kweli alifanya makusudi, akapotea pamoja nacho. Siku ya tatu aliandika. Aliandika kwamba filamu ni kubwa, kwamba ukumbi ulifurika makofi, na kwamba siri ya Babu Chuma haiko masikioni bali mdomoni. "Mtoto wa Sindawi hatampenda anayesikia tu," aliandika, "nyumba zetu zimejaa kuta, na kuta zinasikia. Atampenda asiyemnyima jibu. Siku Babu Chuma atakapotoka kwenye pazia akaja kukaa nasi, awe yuleyule tuliyemwona, asipunguzwe hata neno. Akipunguzwa, watoto watamtambua kuwa ni mwongo, na watamfunika kwa blanketi."

Mlezi Kitunga, Waziri wa Malezi, alimwita mlimani. Mwansiti alienda akiwa ameshaaga moyoni. Kumbe waziri alimpokea kwa tabasamu na kumsogezea kiti mwenyewe.

"Bi Mwansiti, wenzako wamelia tu. Wewe umetupa maarifa. Umejuaje kwamba tunakusudia kumleta majumbani?"

"Nilikisia, Mheshimiwa. Filamu nzuri humfanya mtu akisie."

"Mafundi walitaka kumfanya awe anasikia tu, akicheza nyimbo mbili tatu. Lakini blanketi!" Waziri alicheka mpaka akafuta macho. "Hilo la blanketi hatukulifikiria. Nimeagiza awe yuleyule wa kwenye filamu, neno kwa neno." Kisha akamwinamia, na kicheko kikamtoka usoni kama kitu kilichovuliwa. "Unatutakia mema, siyo?"

"Mimi ni mwana wa Sindawi, Mheshimiwa. Nitakutakieni nini kingine?"

Waziri akamruhusu aende. Mwansiti aliteremka mlima bila kujua kama amemwingiza adui mtegoni au amemnolea kisu.

Babu Chuma akaja. Walezi walipewa wa kwanza, waliopakwa rangi ya dhahabu, ili wana waone kwamba jambo jema haliogopwi. Kisha kila nyumba ya bondeni ikapata wake. Miezi ya mwanzo ilikuwa michungu. Watu walijifunza kunena kwa macho. Waliotibiwa wasiwasi wakawa wengi, na kila Mwansiti alipokutana na mwanamke ambaye mumewe amerudi anatabasamu, alibadili njia. Asumini aliketi na Babu Chuma wao kila jioni, akimuuliza nyota ziko ngapi na kwa nini mbwa wanahema, na Mwansiti, akiwa jikoni, alisubiri kwa hofu swali ambalo jibu lake lilikuwa yeye mwenyewe. Zaidi ya mara moja alitamani kurasa zile angeziandika kwa njia nyingine, au asingeziandika kabisa.

Filamu ilipotimiza mwaka mmoja, Walezi waliandaa sherehe asubuhi katika uwanja wa mlimani, nayo ikatangazwa moja kwa moja na redio kwa bonde zima. Wahakiki waliketishwa mstari wa mbele. Mlezi Mkuu Shengazi alisema maneno yake laini kuhusu mwaka mgumu wa mavuno na jinsi yeye na wenzake walivyoonja mahindi machache yaliyokuwepo kwa machozi. Kisha mjukuu wake Lulindi, wa miaka sita, akaletwa na Babu Chuma wa dhahabu ili amuulize swali moja zuri walilomfundisha. Mtoto alipanda pajani pa roboti, akashika kipaza sauti, akalisahau swali.

"Babu Chuma," alisema baada ya kuwaza, "babu yangu huwa anasema nini tukiwa tunakula?"

Watu walicheka kwa upendo. Masikio ya dhahabu yalizunguka mara moja, yakatulia.

"Mjukuu wangu, wewe sikunyimi jibu," alisema Babu Chuma, halafu akanena kwa sauti ya Shengazi mwenyewe, ile laini ya kubembeleza: "Niongezee nyama. Hayo mahindi ya ghala la tatu yameshaota ukungu? Yaacheni. Bora yaoze hapahapa. Wale wakishiba wataanza kuinua vichwa."

Kicheko kilikatika. Shengazi alibaki ameinua mkono, kama mtu aliyesahau alikuwa anampungia nani. Mlezi Kitunga alimkimbilia fundi aliyesimama nyuma ya jukwaa.

"Mzime!"

"Hazimiki, Mheshimiwa. Mpaka mtoto aliyeuliza aseme basi. Ndivyo mlivyoagiza, kama kwenye filamu."

"Basi kateni redio!"

"Redio iko kwenye kipaza sauti, nacho amekishika mjukuu wa Mlezi Mkuu."

Kitunga aligeuka, na macho yake yakamkuta Mwansiti mstari wa mbele. Mwansiti hakuinamisha uso. Alijaribu kufurahi akashindwa. Aliwaza ni maneno gani yake mwenyewe yaliyohifadhiwa ndani ya lile tumbo la bati nyumbani, na ni nani atakayeyauliza. Kutoka bondeni, mbali chini, hapakusikika makofi wala kelele. Ilikuwa ni milango tu, mmoja baada ya mwingine, inafunguliwa.

Shengazi alipiga magoti mbele ya mjukuu wake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akanyoosha mikono kukipokea kipaza sauti.

"Lulindi, mama, mwambie basi. Mwambie babu basi."

Mtoto alimtazama, akautazama uso wa dhahabu uliomngojea kwa subira, akajiegemeza vizuri kifuani pake.

"Endelea, Babu," alisema. "Na jana?"