Simu Isiyo na Redio

Jumapili hiyo sebule ya Mukarugwiza, pale Kabeza, ilijaa pomoni, maana mchezo wa redio ulikaribia kuanza, na kwake ndiko majirani walikozoea kuusikilizia. Binti yake Mutoni aligawa chai huku roho mkononi. Mchumba wake, Silvère, alikuwa amemletea mama simu mpya. Mama asipomkubali kijana leo, gusaba hakuna: wazee wake hawatapewa siku ya kuja kuomba binti.

"Ina kamera nne, Mama," Silvère alisema. "Kila kitu kimo."

Mukarugwiza, aliyekulia Karagwe na kurudi na Kiswahili chenye maringo ya huko, aliigeuza simu kama anayechagua parachichi sokoni. "Redio iko wapi?"

Silvère akabonyeza hapa, akabonyeza pale. "Redio... unaipata kwa intaneti."

"Ninunue bando nisikie mchezo unaorushwa bure?"

Hapo sebule ikachangamka. Wambui, msusi kutoka Kenya, alisema redio waachiwe walinzi wa usiku. "Nani siku hizi anaiulizia? Mtu anataka kamera."

"Kamera nne za nini, dada, na uso ni mmoja?" alidakia Ambrose, Mtanzania muuza vipuri. "Simu yenyewe hata tundu la hedifoni haina."

"Uso wangu unazijaza zote nne, wewe usijali."

Watu walicheka hadi chai ikamwagika. Mutoni hakucheka. Alimwona mama akiirudisha simu kwenye boksi taratibu, kwa ile adabu yake inayotisha kuliko matusi.

"Basi tutumie yangu ya zamani," mama alisema. "Waya wa hedifoni uko wapi? Bila huo haishiki stesheni."

Silvère alikauka. Mapema, alipokuwa akihamisha namba kutoka simu ya zamani kwenda mpya, aliukuta ule waya umeviringishwa plasta kila mahali, akaona afadhali amsaidie mama usafi. "Nimeutupa, Mama. Kwenye ndoo ya jikoni."

Sasa, mkwe mtarajiwa hupimwa kwa utulivu wake: ale kidogo, acheke kidogo, jiko la ukweni asilijue kabisa. Silvère aliinuka, akawapita wote, akaingia jikoni. Ndoo ikasikika ikipinduliwa. Alirudi na waya unaning'inia, shati jeupe limeingia utomvu wa ndizi hadi kwenye kiwiko, na jani la isombe, kile kisamvu cha jana, limemganda kifuani.

Mutoni alifumba macho. Akasikia mluzi kama wa birika linalochemka. Alipofumbua, ni mama, kicheko kimemshinda, machozi yanamtoka.

Wakachomeka waya. Redio ikakwaruza tu. Silvère akaushika aupanguse, na sauti ikaja safi kabisa. Akauachia, mikwaruzo ikarudi.

"Usiachie," mama aliamuru. "Sogea dirishani. Inua mkono. Zaidi."

Mchezo ulianza, Silvère kasimama kama mlingoti.

"Kumbe kilichokosekana kwenye simu ni miguu," alinong'ona Ambrose.

"Nyamaza, nampiga picha," Wambui alijibu, akiwa na ile simu mpya mkononi. "Ona, hata jani linaonekana."

Matangazo yalipokatiza mchezo, Mukarugwiza alisema bila kumtazama kijana: "Waambie wazee wako waje Jumamosi."

Silvère akashusha mkono kwa furaha.

"Nimesema waje," mama alisema. "Sijasema ushushe mkono."